Majipu ya Bibi Ngatiyem

Fedha za kijiji zilinunua mayai ya watoto waliodumaa, na Lastri, mhudumu wa kliniki ya watoto, ndiye aliyeyagawa nyumba kwa nyumba. Lakini Wening, mjukuu wa Bibi Ngatiyem, hakurefuka hata kidogo. Leo Lastri akaingia jikoni bila hodi, akamkuta bibi mwenyewe, nyuma ya gunia la mpunga, shavu limemtuna kwa yai zima.

"Bibi! Hilo ni la mtoto!"

Bibi akalimeza, macho yakamtoka. "Mtoto akila yai huota majipu, we hujui? Namkinga mjukuu wangu."

"Haya, geuka basi tuyaone ya kwako!"

Wening, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko. Lastri naye akashindwa kujizuia, mpaka bibi akaanza kutikisika mabega.

"Nani alikwambia mambo ya majipu, Bibi?"

"Mama yangu, nani mwingine? Mayai yote ya kuku wetu aliyala yeye peke yake, ili sisi wanawe tusiote..."

Bibi akainua uso kumtazama Lastri; kwa ufupi wake alimfikia kwapani tu.

"Mwizi mkubwa yule mama!" akafoka, na kuanza kummenyea Wening yai.