Dakika Kumi na Moja za Nusu

Dada yangu anaitwa Nusu, na jina hilo hakupewa na adui. Alipewa na mama yetu mzazi, siku alipomkuta ameshona sketi upande mmoja, upande wa pili umeshikwa na pini, na mwenyewe yuko uani anasuka nywele za jirani, ambazo nazo alikuwa amefika katikati ya kichwa. Jina likamganda. Mimi kama mdogo wake mwenye adabu zangu, nililitumia kila nilipopata nafasi.

Kazini tuna mlango mmoja. Yeye yuko ndani na cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama macho yalipochoka. Mimi niko barazani nashona viatu. Msinione nimekaa chini mkadhani nilizaliwa hapo. Nimewahi kufungua maduka matatu, na yote matatu yamenifunga mimi. Kwa hiyo nikimcheka mtu aliyeanguka, namcheka kwa ujirani, niko naye huko huko chini.

Basi siku moja Nusu akaniambia anatengeneza filamu. Nikamuuliza ni nusu ya kwanza au ya pili. Alichukua tepu ya kupimia, akaifunga simu yake kwenye shingo ya lile sanamu la kuvalishia nguo, akalisogeza mpaka karibu na meza ya kukatia, kisha akasema mpiga picha wake haombi mshahara, hana njaa na hatikisiki. Hapo nikaanza kumheshimu kidogo, ila nilifunga mdomo.

Filamu yenyewe haikuandikwa popote. Waigizaji tulikuwa wawili, mimi na mama, na kila mmoja alinong'onezwa neno moja sikioni, mwiko kumwambia mwenzake. Mimi niliambiwa: wewe ni bwana harusi, usitoke humu bila koti lako. Mama, nilikuja kujua baadaye, aliambiwa: wewe ni fundi, usimpe koti. Mengine yote tuyatoe vichwani papo hapo.

Nilianza kwa kubembeleza. Nikahamia kwenye vitisho, nikamwambia fundi kwamba bibi harusi anangoja na wajomba zake wamesimama mlangoni. Mama hakubabaika. Alinipima mabega mara tatu, akadai nimenenepa tangu nilipoingia. Nikaangua kicheko, na kicheko hicho kimo ndani ya filamu mpaka leo. Nilipoona nashindwa nikalinyakua koti mezani, nikaliinua juu, nikamwambia, "Fundi gani wewe, koti lina mkono mmoja?"

Mama akalitazama lile koti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Aliyelianza ni binti yangu," akasema. "Kila alichoanza nilimpokonya nikamalizia mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko yake. Halafu nikamwita Nusu."

Nikalivaa koti na mkono wake mmoja, nikatoka nje.

Baadaye mama alijikung'uta chaki mikononi, akasema yale yalikuwa maigizo, mtu asije akamshikilia kwa maigizo. Nusu akamwahidi kwamba akitaka kipande kile kikatwe, kitakatwa. Mama akajibu kwamba hawezi kukataa wala kukubali kitu ambacho hakitaisha. "Siku utakapoimaliza, na watu wakakaa wakaitazama mpaka mwisho, nami nitakuja nikae. Kabla ya hapo usinisumbue."

Sasa hapo ndipo nilipomjua dada yangu. Wiki tatu alikata na kuunga kwenye simu ile ile. Kati ya dakika arobaini alibakiza kumi na moja, zilizobaki akazitupa bila huruma, yeye ambaye hatupi hata kipande cha bitana. Nilikuwa nikimchungulia dirishani nipate la kumtania, narudi barazani mikono mitupu.

Alipomaliza akaituma kwenye kundi la familia. Mjomba aliisifu sana filamu ya dakika kumi na moja baada ya dakika moja. Shangazi akaahidi kuitazama akipata nafasi. Nafasi hiyo anaitafuta bado. Binamu alirudisha picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema, na ilikuwa alasiri. Nusu alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, akaniuliza kama mama alikuwa anasema kweli, kwamba kitu chake hakitaisha. Nikamwambia mikono yake imeshamaliza kazi, kilichobaki ni makalio ya watu: awatafutie pa kuyaweka.

Ndipo akaja na wazo la vikaratasi. Alichukua kitabu chake cha risiti, kile kile anachowaandikia wateja, akaandika juu ya kila karatasi habari za filamu kwa herufi nzuri, ila nafasi ikamwishia kwenye tarehe. Mstari pekee uliobaki wazi ulikuwa ule uliopigwa chapa chini kabisa: "Njoo uchukue nguo yako." Mkono wake umezoea mstari huo miaka yote. Ukaandika wenyewe: Jumamosi, saa kumi kamili. Kisha akavigawa kwa kila aliyekuwa na nguo dukani. Na nani asiyejua kwamba kwenye karatasi ya fundi mtu husoma mstari mmoja tu?

Jumamosi watu ishirini na sita walifika kabla ya saa kumi. Nusu aliwaona kwa mbali, akanishika mkono kwa furaha. Alikuwa ameziba madirisha kwa kitambaa cheusi cha suti, ameazima projekta kwa mwalimu mmoja mteja wake, ametandaza shuka jeupe ukutani. Kumbe wa kwanza kuingia, muuguzi mmoja asiyetabasamu bure, alitaka sare yake. Wa pili alikuwa dereva wa lori, naye alitaka suruali. Filamu gani tena?

Nguo karibu zote zilikuwa tayari, zimetundikwa. Tatizo, zilikuwa nyuma ya shuka. Ukitaka suruali, ubomoe sinema. Na sare ya muuguzi ndiyo peke yake iliyokuwa mezani, pindo limefika mnakojua wenyewe.

Watu wakaanza kunung'unika. Nilijua mmoja akilivuta lile shuka, wote watachukua chao na kwenda zao, na dada yangu hatarudia tena. Nikafungua kinywa nitie mzaha, lakini yeye alinitangulia.

"Kosa ni langu," akasema. "Nipeni dakika kumi na moja. Zikiisha kila mtu ataondoka na nguo yake, na dada muuguzi atapata sare iliyokamilika. Nitaishona huku mnatazama."

Muuguzi akatazama saa yake, zamu yake ilikuwa ianze saa kumi na mbili. Akavuta kigoda. Wengine wakafuata.

Nusu akazima taa, akakaa kwenye cherehani gizani, akashona kwa kupapasa. Mguu wake haukupotea hata mara moja, na mlio wa cherehani ukaingia chini ya sauti za filamu ukazibeba vizuri ajabu. Watu walinicheka nikibembeleza, wakanicheka nikipimwa mabega. Dereva alipiga paja akasema hayo ndiyo anayoyapata humu kila mwezi. Katikati ya kicheko hicho mlango ukafunguka kidogo, na mama akaingia. Akasimama nyuma ya watu.

Likafika koti. Likafika neno la mama. Cherehani ikasimama.

Mama akaanza kupita kati ya vigoda kuelekea kwenye cherehani. Mimi mwendo ule naujua tangu utotoni: huo ndio mwendo wa kupokonya. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Akanyoosha mkono mpaka kwenye sare. Akashika ule upande uliokuwa unaning'inia, akauinua usiguse sakafu, akabaki ameushika hivyo.

"Endelea," akamwambia.

Mguu ukakanyaga. Kwenye shuka nilikuwa natoka na koti langu la mkono mmoja, na hakuna aliyeinuka mpaka picha ilipozimika. Nusu akakata uzi kwa meno, akampa muuguzi sare yake. Muuguzi akalikagua pindo lote kwa vidole, mwanzo hadi mwisho, asione pa kulaumu. Dereva akaomba atumiwe filamu kwenye simu. Alikuwa na safari ya siku tatu na wenzake hawajui kucheka.

Nikashika pembe ya shuka nilishushe watu wachukue nguo zao. Mama, sasa ameketi kwenye kigoda cha mbele na magoti yake pamoja, akaniambia niliache hapo hapo. Alisema alichelewa kufika, mwanzo hakuuona, na yeye hatazami kitu nusu.

Muuguzi akaiweka sare mapajani, akakaa tena.