Kijani cha Chupa

Uliona. Usinikunjie uso, uliona. Ulikuwa umeketi pale kwenye kibanda cha chai, kikombe mkononi, na lori liliposhuka bila breki ulilitazama mpaka lilipowafikia wanawake wanaouza kando ya barabara, ndipo ukageuza shingo ukaanza kutafuta sukari.

Afande alipokuja kuuliza ulisema lilikuwa lori tu. Lori tu! Tunduma hii, mji unaokula na kulala kwa malori, ambako mtoto wa chekechea anakwambia hilo ni la Kongo, hilo la Lusaka, hilo dereva wake mlevi. Wewe mtu mzima ukaona lori tu.

Mimi sisahau. Sikusahau mlivyonyamaza mtu mmoja alipokifunga kufuli kisima cha mtaa mzima. Sikusahau mlivyochungulia madirishani yule mwalimu wa kike alipotolewa vyombo nje na mvua inanyesha. Safari hii aliyelala chini alikuwa Recho, dada yangu, na karai lake la mahindi ya kuchemsha limekunjika kama jani. Mimi siku hiyo nilikuwa Mbozi kwenye kahawa, sikuona kitu. Clement, mumewe, alikuwa nyumbani na kazi yake, hakuona kitu. Ndiyo maana tunakuhitaji wewe, na ndiyo maana nina hasira.

Kazi ya Clement ni malori madogo. Siyo yale ya watoto, ya waya na visoda. Anachukua bati la makopo ya mafuta na plastiki ya ndoo zilizopasuka, anakata, anabandika, anapiga msasa, mpaka linatoka lori la kukaa kwenye viganja viwili, lina vioo, lina tangi la dizeli, lina hata yale mapazia ya kuzuia matope nyuma ya tairi. Madereva wanayapenda, wanayaweka mbele ya usukani. Kabla ya msiba, dereva mmoja aitwaye Brayan alimwagiza amtengenezee la kwake. Clement akamfuata kwenye foleni ya boda, pale mpakani, akalipima lori kwa kamba, akachora bonde lililokuwa kwenye mlango wa kushoto, akanakili maneno yaliyoandikwa juu ya kioo cha mbele: NISAMEHE NAWAHI. Lilikuwa la kijani, kijani kile cha chupa ya bia.

Recho akafa. Brayan akahamishiwa njia za Kongo. Lile lori la kijani halikuonekana tena. Kisha siku moja likapita jeupe, juu ya kioo hakuna hata herufi, ila bonde la mlango wa kushoto lipo pale pale, limepakwa nyeupe kama kidonda kilichomwagiwa unga. Clement alisimama katikati ya lami akilitazama mpaka bodaboda wakamtukania mama yake.

Tulikwenda kwa afande. Simsingizii, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kubadili rangi peke yake hakunipi mtu wa kumshtaki," alisema. "Mwenye malori anasema hilo siku ile halikuwa hata Tunduma. Nileteeni mtu mmoja aliyekuwepo, aseme ni hilo, na aseme lilikuwa rangi gani. Mmoja tu."

Mmoja tu, na pale kibandani mlikuwa mmejaa mpaka mlangoni.

Basi Clement akamalizia lile lori dogo la Brayan, akalipaka kwa brashi ya mkono, tukawaletea. Mkacheka. Mmoja wenu akasema, "Hiki si kichezeo? Lile lilikuwa linang'aa, hili limepakwa kama mlango wa choo."

"Umejuaje lilikuwa linang'aa," nikamuuliza, "na wewe hukuliona?"

Akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Njiani mimi nilikuwa natukana. Tulipofika kwa Clement akasema, "Shemeji, kwa hilo moja wana haki. Brashi inaacha mifereji. Nikiwapa nafasi ya kusema silo, watasema silo. Nataka nitoe lenyewe, wakose pa kuegemea."

Kuna chombo kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, kama kile cha gereji lakini kidogo, unakishika kama kalamu. Wauzaji wanakiita eabrashi. Tulivuka mpaka kwenda kukitafuta Nakonde, kwa Ba Bwalya anayeuza vifaa vya mafundi.

"Mwaiseni, mukwai," akatukaribisha. "Mnataka cha kupamba keki au cha kucha za mabibi harusi?"

"Cha lori," nikasema.

"Lori kwa hiki? Utazeeka hujamaliza tela."

Clement akamwonyesha kwa viganja ukubwa wa lori lenyewe. Ba Bwalya akacheka mpaka akashika meza. "Iyo! Watanzania sasa mnawauzia panya malori?"

Clement hakucheka. Aliomba maji na kipande cha boksi, akajaribu. Alichokuwa nacho Ba Bwalya ni kile cha kubonyeza tu: ukibonyeza, hewa na rangi vinatoka pamoja kwa kipimo kimoja, huwezi kukiambia kidogo. Kikakohoa, kikarusha matone.

"Kinatema."

"Ni kipya, bado kina haya."

"Huna kile cha kuvuta kitufe nyuma?"

"Aa, hicho unabonyeza kuleta hewa, unavuta kuleta rangi. Unaandika nacho jina lako juu ya punje ya mchele. Hivyo viko Lusaka, mukwai. Ni vya mabwana."

Tukarudi na kile chenye haya. Clement alikifunga kwenye kompresa ya kujazia tairi za pikipiki, ambayo hewa yake inakuja kwa kudundadunda. Mlango alioupuliza ulitoka na vipele. Maneno ya juu ya kioo ndiyo yalikuwa balaa, kila herufi iliota ndevu. Akayafuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akarudia. Tina ikaanza kuyeyusha mpira wa ndani ya eabrashi, rangi ikawa inavuja mpaka kwenye kiwiko chake. Akafuta tena. Nilikuwa nakaa mlangoni namtazama, na sikuthubutu kumwambia aache.

Habari hazina miguu Tunduma, zina magurudumu. Siku chache tu, Fortunata akafika. Huyu ndiye anayeshika ofisi ya Mzee Abrahamu, mwenye malori. Alikuja na boksi kwapani, na kijana nyuma yake kabeba kompresa safi yenye tangi lake na kichujio cha kukamata maji.

"Pole sana, kaka Clement," akasema. "Mzee amesikia unahangaika na vifaa, imemgusa. Anataka umtengenezee malori yake yote, ya kupamba ofisi. Hivi ni vyako, hata kazi ikiisha ubaki navyo."

Akafungua boksi. Juu ya kitambaa laini kililala kile cha Lusaka chenyewe: kikombe cha rangi juu, sindano nyembamba kama sharubu la paka, kitufe cha kubonyeza na kuvuta. Niliona mkono wa shemeji yangu unataka kukigusa kabla yeye hajaamua.

"Rangi gani?" akauliza.

"Nyeupe. Yote ni meupe." Fortunata akafunga pochi yake, akaifungua tena. "Yalikuwa meupe tangu mwanzo."

Sasa nani alimuuliza habari za mwanzo?

Alipoondoka nililishika lile boksi niende kulitupa mtaroni. Clement akanizuia.

"Weka, shemeji."

"Kitu cha damu hiki!"

"Ni chuma na mpira."

Akaviweka vyote viwili mezani, cha Nakonde na cha Abrahamu, akatia kijani, akajaribu kwenye kipande kimoja cha boksi. Cha Nakonde kikapiga chafya. Cha Abrahamu kikavuta mstari kama uzi wa buibui, akaunenepesha, akaurudisha ukawa uzi tena, bila tone kuruka.

"Ukikitumia watasema umekula kwa Mzee," nikamwambia.

"Watasema."

"Ukikirudisha unabaki safi."

"Safi, na lori lenye ndevu." Hakuinua macho. "Usafi wangu unamsaidia nini Recho? Acha waniseme huku wanaliangalia. Mimi ninachotaka ni waangalie."

Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mfiwa. Yeye aliendelea kuosha kikombe. Kisha akaweka kipande cha chupa dirishani, akachanganya kijani na tone la nyeusi mpaka rangi ikakaa sawa na chupa. Akapuliza tabaka jepesi, akasubiri likauke, akapuliza jingine. Bonde la mlango akalitia kivuli. Maneno akayaandika kwa manjano, herufi moja moja, ameshikilia pumzi. Mwisho akachukua rangi ya vumbi letu akaipitisha chini, kwenye tairi na mapazia ya matope.

Nilipoliona limekauka nilitoka nje. Nilitamani kulipiga teke. Lilikuwa lenyewe.

Fortunata alirudi kuona kazi imefikia wapi. Clement akamkabidhi boksi na kompresa. Dada wa watu akafungua boksi, akakuta kitambaa kile laini kimelowa kijani.

"Mwambie Mzee nimekijaribu," Clement akasema. "Kinapuliza kijani vizuri sana."

Tukaja kibandani. Pale mbele anakaa Witness, muuza viazi, aliyekuwa anapanga karai lake bega kwa bega na la Recho. Clement hakumsalimia. Aliliweka lori mezani, uso wake ukimtazama Witness, likitokea upande ule ule liliotokea siku ile.

Witness alikuwa anamenya. Akainua macho. Alilivuta karai kifuani kwa nguvu hata viazi vikamwagika, akaruka nyuma, kisigino kikagonga jiko. Lori la bati, halina injini, limesimama juu ya meza ya chai, lilimrukisha mwanamke mzima.

"Ni hili, dada Witness?" nikauliza.

"Silijui."

"Umerukia nini?"

"Moshi." Aliinama kuokota viazi. "Nina watoto, kaka. Msinitazame mimi peke yangu. Mbona hamuwatazami na hawa?"

Hawa ni ninyi. Nilikutazama wewe. Ulikuwa umelitazama lori, nilikuona, macho yalikuwa juu ya yale maneno ya manjano na kikombe kimesimama njiani. Sekunde ile ulikuwa karibu kuwa mtu. Halafu ukakiweka kikombe chini ukasema, kwa sauti ya wote kusikia, "Si mlipewa vifaa na Mzee? Mmekula kwake, sasa mnamgeuka."

Kibanda kizima kikashusha pumzi. Ulikuwa umewapa pa kuegemea. Mwingine akadakia eti Clement alitaka zaidi akanyimwa, mwingine akacheka, na Witness akajifunika mtandio kichwani akageukia jiko. Shemeji yangu alilibeba lori lake akapita katikati yenu, hakuna aliyesogeza mguu kumpisha.

Alilipeleka kwa afande. Afande alilizungusha mkononi muda mrefu, akaliweka mezani kwake, uso ukielekea mlango. Lipo mpaka sasa. Kila anayeingia linamwomba msamaha kwamba linawahi.

Na lile kubwa, jeupe, leo limo kwenye foleni ya boda. Nimetoka kuliona. Dereva ni mgeni, hata jina la Recho hajalisikia. Limeuzwa, linavuka kwenda upande wa pili, na likishavuka bonde la mlango litanyooshwa na hakuna afande wa kwetu atakayelifuata huko. Foleni inasogea.

Acha hiyo chai. Inuka. Mpitie Witness, mshike mkono, asiende peke yake, maana ukiwa naye atasema, mwili wake umeshasema. Nendeni kwa afande, simameni mbele ya ile meza. Neno lenyewe ni moja na unalijua tangu siku ile ulipokuwa unatafuta sukari. Kijani. Nenda ukaliseme sasa hivi, kabla geti halijafunguliwa.