Asiyeitika Hahesabiwi

Ethel, mke wa mwalimu mkuu wa shule ya bondeni, alifika kwangu Jumapili akitokea kanisani. Nilimpa kigoda akakataa kukaa. Alisimama pale mlangoni akaniambia mumewe Gervas yuko mahabusu Newala tangu Alhamisi, wamemvua viatu na mkanda, na analala sakafuni.

"Kafanya nini, Mama Queen?"

"Wanafunzi hewa," akasema, akaanza kulia.

Hakuhitaji kunieleza. Mimi ni mke wa mwalimu mkuu kama yeye. Tangu serikali ifute ada ya shule za msingi, ilikuwa inaleta ruzuku kwa kichwa. Shule yenye watoto wengi inapata fungu kubwa, yenye wachache inapata dogo. Zamani mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na wenye uwezo wakawapeleka wao shule za kulipia huko Masasi. Sasa kila mtoto alikuwa na fedha zake zinazomfuata darasani, na kwa fedha hizo tukapata chaki, vitabu, mpaka bati za kuezeka darasa la tatu. Gervas akaona mlango wa kupitia. Aliandikisha watoto wasiokuwepo, na wakaguzi walipokuja kuhesabu akaazima watoto wa shule nyingine akawapanga mstarini. Mkaguzi alipoanza kuita majina, wale wa kuazima wakabaki kutazamana.

"Na kwenu wanakuja, Mama Erasto," Ethel akaniambia alipokuwa anaondoka. "Jiandaeni."

Nikamwambia sisi hatuna cha kujiandaa. Ni kweli, mume wangu Benedikto hawezi kuchukua hata kipande cha chaki. Ni mtu wa kunyoosha mambo mpaka yakatike, na miaka yote ya ndoa yetu nimechoka kunyooshwa. Lakini Ethel alipopotea njiani niliingia ndani, nikachukua sweta ya mume wangu na kipande cha sabuni, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuficha nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekumbuka jando.

Mwaka uliopita vijana wetu waliingia kumbini, kambi ya jando, baada ya mavuno, wakatoka korosho zilipoanza kununuliwa. Kumbini kijana anaacha mambo yote ya utoto, hata jina lake. Siku ya kutoka mjomba anatangaza jina jipya mbele ya ukoo, na lile la zamani halitamkwi tena. Ukimwita nalo umemtukana yeye na umemtukana mjomba wake. Anayekatazwa zaidi ya wote ni mama, kwa kuwa jando ndilo limemtoa kijana mikononi mwake. Mama akisahau, kijana hali tena chakula chake, anahamia kwa mjomba. Nilishaona nyumba moja hapa kijijini ikitokewa na jambo hilo, na yule mama mpaka leo anapika kidogo.

Mimi mwenyewe nilikuwa Mama Chitanda tangu nimzae mwanangu wa pekee. Alipotoka kumbini, kaka yangu Cecil, anayekaa Mnyambe, akamtangaza kuwa Erasto. Siku hiyo hiyo na mimi nikawa Mama Erasto. Wiki za mwanzo watu walikuwa wananiita sokoni napita tu, mpaka wakasema nimeanza kuringa.

Mume wangu aliandika majina mapya kwenye mahudhurio ya kila siku. Lakini majina yaliyokuwa ofisini wilayani, yale ambayo fedha zilikuja kwa ajili yake, yalipelekwa kabla ya jando. Huko walikuwa bado ni Chitanda, Likwena, Nangumbi na wenzao, vijana thelathini na kitu.

"Nitawaeleza," Benedikto akasema. Alikuwa amekaa barazani anapaka viatu rangi.

"Wataelewa?"

"Ni watu wazima, Mama Erasto."

"Na waliomchukua Gervas ni watoto?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Tangu saa ile kila gari lililounguruma barabara ya Mnyambe lilinisimamisha.

Lilipokuja lenyewe lilikuwa asubuhi, watoto wakiwa bado mstarini. Waliteremka watatu: dereva, askari mmoja mnene, na mkaguzi. Huyu mkaguzi alikuwa mgeni wa mbali, Kiswahili chake kilionyesha hivyo, mtu mwembamba mwenye leso safi aliyokuwa anajifutia vumbi la njiani. Alimsalimia mume wangu vizuri, wala hakuwa na majivuno. Ningependa kumchukia lakini hakunipa nafasi.

Nyumba yetu iko ubavuni mwa uwanja wa shule. Nilikuwa nimekaa kibarazani nabangua korosho, au tuseme nazivunjavunja, maana siku ile hakuna hata moja iliyotoka nzima. Kina mama wengine walijikusanya kwenye tangi la maji ya mvua na ndoo zao, kila mmoja akijifanya kiu imemzidi. Wote walikuwa na vijana waliotoka kumbini. Mama Ashraf alikuwa mbele.

Mkaguzi akafungua karatasi zake akaanza kuita. Wasichana waliitika. "Nipo! Nipo! Nipo!" Wadogo wa darasa la kwanza walipiga kelele mpaka askari akatabasamu. Nikaanza kupumua.

Halafu akafika darasa la tano.

"Likwena!"

Kimya. Mwenye jina hilo, ambaye sasa ni Ashraf, alikuwa amesimama mstari wa pili ameinamisha kichwa.

"Nangumbi!"

Kimya. Mkaguzi akatia alama. Akaita jina la tatu, la nne, la tano, na kila jina likadondoka pale uwanjani bila mtu wa kuliokota. Vijana walikuwa wanatazama chini wote. Alipoita "Chitanda!" nilimwona mwanangu anakaza taya. Hata yeye hakuitika, na mimi kama mama niliyefundishwa nikajua amefanya linalotakiwa, na kama mke nikatamani kumtandika.

Mume wangu akasogea akaeleza. Aliongea kwa utaratibu, kama anafundisha: jando, mjomba, jina jipya. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "shule moja wameniambia watoto wana surua. Nyingine, wako shambani wanafukuza nguruwe. Juzi nimeletewa watoto wa kuazima, wamesimama mbele yangu hivi hivi. Siwezi kuandika kwamba nimeona vichwa. Nina jina na ninamtaka mwenye jina. Asiyeitika hahesabiwi. Kama ni wenyewe, waitike basi, tumalize."

Benedikto akawageukia vijana. "Wanangu, itikeni. Kwa leo tu."

Hakuna aliyeinua uso. Nilimwonea hasira mume wangu, nasema kweli. Angeweza kuwaita mmoja mmoja kwa majina yale, akamshika huyu bega na yule bega. Lakini yeye naye ni mwanamume aliyepita kumbini, na ulimi wake ulikataa. Alikuwa tayari kwenda jela na unyoofu wake.

"Mwalimu, itabidi tukazungumzie Newala," mkaguzi akasema, tena kwa upole. Askari akajongea.

Na hapo nikamwona mume wangu anainama. Alikuwa anafungua kamba za viatu vyake kabla hajaambiwa, vile viatu alivyovipaka rangi. Habari za Gervas alikuwa amezishika zote, kumbe, na kule kucheka kwake barazani kulikuwa kwa ajili yangu. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka maganda ya korosho yakimwagika kutoka mapajani, na uwanja mzima ukinigeukia.

"Chitanda!"

Nilisikia kina mama kwenye tangi wakivuta pumzi kwa pamoja.

Mwanangu alibaki ameinama. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Nikasogea mpaka mbele yake.

"Chitanda, mwanangu. Itika."

Akainua kichwa akanitazama. Nilikuwa nategemea kuona hasira, ningeiweza hasira. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa zamani.

"Nipo, mama," akasema.

Mkaguzi akaja. "Huyu ni nani?"

"Mwanangu. Nimemzaa mwenyewe. Hapa kijijini ni Erasto, kwenye karatasi yako ni Chitanda."

Akatafuta, akaona, akarekebisha. "Mmoja," akasema. "Na wengine?"

Nikawageukia wale wenzangu wa tangini. Sikuwaita, niliwatazama tu. Mama Ashraf akajitwika ndoo, ikiwa nusu tupu, akaondoka. Wengine wakatazama pembeni. Siwalaumu. Siku nyingine yoyote na mimi ningekuwa na ndoo yangu. Lakini pale niliona nimemtoa mwanangu bure, kwa kuwa mtoto mmoja asingemwokoa baba yake.

Askari akamshika Benedikto mkono.

Ndipo Erasto akatoka mstarini. Hakunitazama tena. Alisimama mbele ya wenzake, akamsogelea yule wa mstari wa pili, karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo wote tuliisikia, "Likwena."

Vijana wa kumbi moja wameapishwa kutonyimana kitu, na kijana mwenzako hakutukani kama anavyokutukana mtu wa nje. Lakini anayetamka anajichafua, na aliyekuwa safi asingekubali kulianza jambo hilo. Mwanangu alikuwa ameshachafuliwa. Na aliyemchafua ni mimi.

Ashraf alimtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nipo," akasema.

"Nangumbi."

"Nipo."

Akaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho, na mkaguzi akifuata nyuma yake na kalamu. Hakuna kijana aliyepaza sauti. Akina mama waliobaki walijifunika nyuso kwa khanga zao, na mimi nikajifunika yangu.

Walipokuwa wanaondoka, mkaguzi alimpa mume wangu mkono akamwambia majina mapya yapelekwe wilayani mapema, ili mambo kama haya yasijirudie. Akasema shule yetu ni safi. Benedikto alikuwa amesimama na kamba za viatu zimelegea, anaitika "ndiyo bwana, ndiyo bwana". Kisha akakaa chini pale pale uwanjani, mbele ya wanafunzi wake.

Mchana nikapika ugali wa muhogo na kisamvu, nikakitia nazi zaidi ya kawaida. Nilitenga. Baba yake alinawa. Erasto alikuwa chumbani kwake, akatoka amekunja mkeka ameuweka kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo ule."

"Nakwenda kwa mjomba."

"Kaa chini, kijana," Benedikto akasema, sauti imempasuka. "Mama yako ameniokoa. Na wewe umeniokoa."

"Najua, baba," akajibu. Hakuwa na ukorofi hata kidogo. Alisimama tu, akisubiri ruhusa kama alivyofundishwa.

Nikamwambia mume wangu amwache aende. Nikaingia ndani, nikachukua ule mfuko wa nyuma ya mlango, wenye sweta na sabuni, nikamkabidhi. Mnyambe asubuhi kuna baridi. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashika njia ya mikorosho. Alipofika kwenye kona nilitaka kumwita ageuke. Nilifungua mdomo, lakini sikujua nimwite kwa jina gani.

Nilijipa moyo kwamba atarudi wiki ikiisha, halafu kwamba atarudi mvua zikianza. Kaka yangu Cecil alituma salamu kuwa kijana hajambo, anasoma, ameandikishwa shule ya hapo Mnyambe. Hakuniambia niende, na mimi sikuthubutu kwenda.

Ruzuku iliyofuata ilipoingia, mume wangu alibandika hesabu yake kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi, kila mzazi aione, kama ilivyoagizwa. Nilikwenda kusoma na wengine. Majina ya vijana wote wa kumbini yalikuwa yamerekebishwa na fedha zao zilikuwepo. Darasa la tano lilikuwa limepungua mtoto mmoja. Fungu lake limemfuata Mnyambe.

Benedikto alikuja akasimama karibu yangu, ana gundi vidoleni.

"Mtoto mmoja tu," akasema. "Chaki hazitatupungukia."

Akauona uso wangu, akaanza kujifuta ile gundi kwenye suruali.