Yosefu wa Bernadine

Nyumba yetu hapa mjini Dubuque ilijengwa mwaka 1887, na hakuna msumari ndani yake nisioujua. Miaka arobaini nimeikwangua rangi, nimeipiga msasa, nimesugua vitasa vyake vya shaba kwa mswaki. Nilikuwa nafanya kwa ajili ya Bernadine. Siku tuliyoiona mara ya kwanza, mke wangu alisimama chini ya vioo vya rangi pale ngazini akasema, "Clement, hii!" Basi, nikawa mtumwa wa nyumba.

Bernadine alifariki mwaka jana. Tangu Aprili kibao cha kuuza nyumba kimesimama ua wa mbele, na wanunuzi wawili nimeshawafukuza. Wa tatu, mume na mke wenye mapacha, wanataka kung'oa ngazi ya nyuma. Nikamwambia dalali Bernadine angefufuka. Wamesema watangoja jibu hadi leo adhuhuri, wasipolipata wanatafuta kwingine.

Asubuhi binti yangu Colleen kaja na Mtakatifu Yosefu wa plastiki, urefu wa kidole.

"Mfukie karibu na kibao, baba. Kichwa chini, uso uelekee nyumba."

"Damu ikimshukia kichwani?"

"Ndiyo maana huwa anaharakisha kuuza. Chimba, mzee, acha maneno."

Hapa kwetu hata asiyesali humfukia Yosefu ili nyumba iuzike, ikiuzika humfukua. Nikachimba. Shubiri moja tu, sepetu ikagusa mfuko wa mkate. Ndani mlikuwa na Yosefu mwingine, kichwa chini, kafungwa uzi wa buluu wa kufumia. Fundo lilikuwa la Bernadine. Alikuwa kamviringishia gazeti la parokia la Oktoba 1994.

Nilichanganyikiwa kabisa. Mwaka ule nyumba haikuwa inauzwa! Mimi nilikuwa nakwangua ngazi, yeye akiniletea kahawa. Labda ni wa jirani? Jirani angefuata nini uani kwangu? Labda alimfukia kwa bahati mbaya? Nani humfukia mtakatifu kwa bahati mbaya?

"Colleen, huyu ni wa nini?"

Akaketi kwenye nyasi. "Mama alitaka nyumba ndogo. Ambayo nikikimbia ndani hunipigii kelele."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia, baba. Ulikuwa unasugua vitasa."

"Na ile siku ya vioo?"

"Alikuwa na miaka ishirini na sita."

Nilimkasirikia Bernadine kwanza, lakini marehemu hajibu, hasira ikanirudia mwenyewe. Kumbe nilikuwa namtunzia nani? Mpaka sasa sijui. Nikampigia dalali.

"Waambie ndiyo. Na hiyo ngazi waing'oe, watoto wapate pa kukimbia."

"Clement? Unaumwa?"

Nikakata simu, nikamuosha Yosefu wa Bernadine kwenye sinki.

"Wanunuzi hawajatia saini bado, Yosefu hatolewi ardhini mapema," Colleen akasema.

"Huyu kaomba miaka thelathini kichwa chini kwa ubishi wangu. Mwache."

Nikamsimamisha juu ya friji, miguu chini, lakini sikuweza kumtazama usoni.