Mlinzi wa Mti wa Lukasi

Kila asubuhi, kabla hajakoka moto wala kunawa uso, Raheli alibeba ndoo kwenda kummwagilia marehemu mumewe. Ndivyo alivyosema mwenyewe kimoyomoyo, maana kulitamka hilo pale kijijini ingekuwa balaa. Mume alizikwa makaburini, upande wa Wakristo. Kilichomwagiliwa ni mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ya Desemba, uliopandwa mbele ya ofisi ya kijiji, katikati ya bustani ya kumbukumbu, na kibao cha saruji chini yake: "Mti wa Lukasi. Alituokolea watoto."

Na kweli aliwaokoa, hilo hakuna wa kubisha. Mwaka ule mto ulipoacha njia yake ukaingia majumbani, Lukasi, Msukuma aliyehamia Zombo na ng'ombe wake na kuitwa mvamizi tangu siku ya kwanza, alijifunga kamba kiunoni akawashusha watoto wa wakulima kutoka juu ya paa, mmoja mmoja. Alipomkabidhi wa mwisho, mtoto wa jirani yao Joha, maji yakamzidi. Tangu hapo mkulima na mfugaji wa kijiji kile hawajashikiana fimbo tena. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, wenyewe wanakutana pale kwenye mti, wanafokeana kidogo, yanaisha.

Sasa mti wa namna hiyo unamwachia nani? Unamwachia mjane. Kamati ya bustani ilisema kuutunza ni heshima yake, na Raheli, matanga hata hayajaisha, akaitikia. Laiti angejua! Wageni wakija kutoka wilayani, au wanafunzi kutoka Mikumi, Raheli anaitwa ajifunge kitenge cheusi, asimame kando ya mti, apigwe picha. Akicheka sokoni, watu wanatazamana. Akisuka nywele, anaulizwa kwa upole kama kuna sherehe. Wala hawakumtesa, jamani, afadhali wangemtesa angepata la kusema. Joha alimletea unga, akamletea pilau ya Idi, na kila alipoweka sahani chini alisema, "Wewe ni wetu, dada. Huendi popote."

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, Kishiwa. Lukasi alikuwa mwanawe wa pekee, na hakuacha mtoto. Bibi huyo hakuwa mwongeaji, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Raheli akisharudi na ndoo tupu, yeye alijikongoja hadi bustanini, akachomeka kidole kwenye udongo kuona kama umelowa. Kisha anarudi, anakaa. Hasifu, halaumu.

Basi akatokea Timotheo. Huyu alikuwa mgane, mkulima wa miwa wa Ruhembe, mtu wa taratibu mwenye mzaha wa chinichini. Walikutana mnadani. Siku alipomtamkia habari ya ndoa, Raheli alilia kwa furaha mpaka akaona haya. Alimtaka yule mwanaume, tusizunguke. Lakini Timotheo naye aliweka wazi kwamba hawezi kuhamia Zombo akaishi kwenye kivuli cha shujaa, na kwamba msimu wa miwa ukiisha bila jibu, atajua jibu ni hapana.

Raheli akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kupima maji. Hata hakumaliza. Mwenyekiti alimkalisha, akamwagizia soda, akamweleza polepole kwamba yeye akiondoka mti utakauka, na mti ukikauka zile fimbo zitarudi. "Mama, unataka damu imwagike?" alimuuliza. Nani atake damu? Raheli alirudi nyumbani amenywea. Njiani ndipo alipokata shauri kuuua ule mti: pasipo mti, pasingekuwa na mlinzi.

Hakushika shoka wala hakutia sumu. Aliacha tu kumwagilia. Kilikuwa kiangazi kikali, ardhi imepasukapasuka, naye akasema moyoni, ujifie mwenyewe, nami niwe huru, wasipate wa kumlaumu ila jua. Kwa ajili ya kidole cha mama mkwe alinyunyiza kikombe kimoja juujuu, yaliyobaki akayamwaga kwenye mchicha wa ofisini. Alitembea akiangaza nyuma kama mwizi. Majani yakaanza kupukutika. Akafurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi. Mti ulipobaki matawi matupu, alimtumia Timotheo ujumbe, nivumilie kidogo, yanaisha.

Halafu, hebu sikia. Mvua haijaonja ardhi, na mti ule ambao haukuwahi kutoa ua hata moja ukachanua. Mwekundu mtupu, huoni tawi. Kumbe kupukutika ndiyo desturi yake kabla ya kuchanua, na mizizi ilishafika kwenye maji ya mto siku nyingi. Ndoo haikuwa na kazi. Miaka yote ile alikuwa anabebeshwa maji ya bure! Kijiji kizima kilikusanyika, wakasema ni Lukasi huyo anamshukuru mkewe. Raheli aliketi mchangani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wakaona ni mapenzi.

Kamati haikulala. Kwa siri, ili wamfurahishe, waliagiza kibao kipya cha marumaru kutoka Morogoro, na mafundi wakakijengea asubuhi ya sherehe ya kukizindua. Diwani alikuja, wakulima na wafugaji wakakaa pamoja, pilau ikanukia. Timotheo naye alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na pikipiki yake. Msimu wa miwa ulikuwa umekwisha. Raheli alimwona, akakwepa macho yake.

Diwani akavuta kitambaa, makofi yakarindima. Raheli alisoma. Wakamwomba aseme neno, akatikisa kichwa. Ndipo mama mkwe, aliyekalishwa kiti cha mbele, akamvuta mkono. Bibi hakujua kusoma.

"Pameandikwa nini?" aliuliza. "Nisomee."

"Kumbukumbu ya Lukasi," Raheli alisoma, "na mkewe Raheli, mlinzi wa mti huu daima."

"Raheli yupi?"

"Mimi, mayu," Raheli alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kwa bibi yule, jiwe lenye jina la mtu ni kaburi, halina maana nyingine. Akainuka kwa fimbo yake, akawageukia mwenyekiti, diwani, Joha na wote.

"Mtoto aliyenifia ni mmoja," alisema kwa kile Kiswahili chake, na kila mtu alimsikia. "Ninyi mmenizikia wawili."

Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba ni heshima tu, mama, kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Bibi hakumsikiliza. Alimgeukia Raheli.

"Yule wa pikipiki, ndiye?"

Kumbe bibi alijua. Raheli akaitikia kwa kichwa.

"Basi nenda, saruji haijakauka."

"Na wewe, mayu? Utabaki na nani?"

"Mimi ndiye niliyemzaa," Kishiwa alisema. "Wa kukaa hapa ni mimi."

Akashika kile kiti, akakigeuza kielekee kwenye mti, akaketi. Alimpa Raheli mgongo, ili aweze kuondoka.