Livid kwa Kisukuma

Mkuu wa shule, mwalimu Ansbert, alikuwa na maneno ya Kiingereza ya hasira aliyoyapanga kwa ngazi, kama vyeo vya jeshi. Shati likining'inia nje ya suruali, alikuwa "annoyed". Ukichelewa kengele, alikuwa "angry". Ukikamatwa unaruka uzio kwenda kula chipsi stendi ya Bariadi, alikuwa "furious", na hapo miwani ilivuliwa. Juu ya yote lilikuwapo neno moja, "livid", ambalo wanafunzi walilisikia darasani tu, kama mfano. Mkuu alilitunza kama vikombe vya wageni.

Siku alipolitoa kabatini, alilitoa kwa ajili ya Salu wa kidato cha tatu.

Kosa lenyewe, kwa ukubwa, lilienea kiganjani. Salu alirudi kutoka likizo kwao Migato na hereni ya ng'ombe, zile za plastiki ya njano zenye namba, wanazobanwa sikioni mifugo waliosajiliwa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa ndigana. Asubuhi moja Salu alilikuta koti la mkuu limetundikwa mlangoni mwa ofisi, akaibana hereni ile mgongoni kwa pini, chini kidogo ya kola, kwa utulivu wa daktari wa mifugo. Mkuu akavaa koti, akaenda mkutanoni mjini, akatoa mada kuhusu nidhamu. Alisikilizwa kuliko siku zote, hasa kila alipogeuka kuandika ubaoni. Mwishoni afisa mifugo aliyealikwa pale alimwomba asimame kidogo, akasoma namba, akaitafuta kwenye simu yake, kisha akamfahamisha kwa heshima zote kwamba yeye ni jike, rangi ya kahawia, mali ya Limbu wa Migato.

Mtoto wa Limbu wa Migato pale shuleni alikuwa mmoja tu.

Salu aliposimama ofisini hakuogopa viboko. Aliogopa neno la baba yake. Mzee Limbu alimwambia mwanzoni mwa mwaka: ukirudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu, hata kwa wiki moja, shule imeisha, utachunga ng'ombe. Na mzee hakuwa mtu wa kurudia maneno. Salu alikuwa amechunga ng'ombe tangu utotoni, akawachunguza kwa makini, na hakuwahi kumwona hata mmoja akicheka. Hakuona vipi angeishi nao maisha yake yote.

Mkuu alipiga simu, akaweka spika.

"Mzee Limbu, shikamoo. Mimi mkuu wa shule. Kwa huyu kijana wako, mzee wangu, niko livid."

"Uko wapi?"

"Niko livid."

"Livid ndiyo wapi, mwalimu? Upande wa Lalago?"

Mkuu alifumba macho. "Muulize mwanao," akasema, akamsogezea Salu simu.

Mwalimu Ansbert kwao ni Bukoba, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Salu akainamisha kichwa, akatumia sauti ya mtu anayeungama, akamweleza baba yake kwa Kisukuma kwamba livid ni furaha ile inayomzidi mtu hadi anashindwa kukaa.



"Kwa hiyo amefurahi," mzee akasema, naye kwa Kisukuma.

"Kupita kiasi, baba."

"Basi nakuja Jumamosi."

"Amesemaje?" mkuu aliuliza.

"Atakuja Jumamosi, mwalimu. Amelipokea kwa uzito."

Bwenini, Josia wa kitanda cha chini alitoa hukumu akiwa amelala chali. "Umeisha, mwanangu. Mzee atampongeza mkuu kwa kufurahi, na wewe jioni uko Migato na fimbo begani."

"Hawatajua. Wote wawili watasema livid. Neno ni hilo hilo."

"Nimeangalia kamusi. Kumbe ni rangi pia. Rangi ya mahali palipopigwa."

"Sehemu gani ya mwili?"

"Haikutaja. Nadhani wamekuachia uchague."

Jumamosi mzee Limbu alifika amevaa shati la kanisani, na jogoo kwapani. Salu alipomwona jogoo, alijua baba amekuja kushukuru. Hakuna anayempelekea jogoo mtu aliyemkasirikia mwanawe.

"Mwangaluka, baba."

Mzee aliitikia salamu, akamtazama kwa muda, wakaingia ofisini.

"Mwalimu," mzee akaanza, "nimekuja kukwambia kwamba hata mimi niko livid."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Kweli, mzee?"

"Tangu ulipopiga simu. Mama yake naye livid. Nimempigia kaka yangu kule Shishiyu, akawa livid huko huko."

"Wazazi wengine wakija hapa wananigombeza mimi," mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Mimi nasema apewe anachostahili. Chote. Msimpunje."

Jogoo alikoroma kidogo. Salu alitazama sakafu akiomba neno furaha lisitajwe.

"Nilikuwa nimeamua kumrudisha nyumbani," mkuu alisema.

"Nyumbani hapana." Mzee alilisema hilo haraka kidogo. "Livid imeanzia hapa, iishie hapa."

"Kuna shimo la choo kipya."

"Refu?"

"Linatakiwa liwe refu."

"Basi achimbe. Na likizo fupi abaki hapa hapa, aendelee."

Mkuu alisimama, akampa mikono yote miwili. "Nimefurahi sana, mzee Limbu."

Neno lilikuwa limetajwa.

"Na mimi nimefurahi," mzee alijibu. "Ila hilo ni jingine."

Walipofika getini jogoo bado alikuwa kwapani.

"Baba, umesahau kumpa mwalimu jogoo."

"Si wa mwalimu. Ni wa nesi Eufrasia, yule aliyekuwa zahanati ya kwetu, siku hizi yuko hapa mjini. Nilimpigia nikamuuliza, mwalimu akiwa livid apelekewe mbuzi au kondoo? Alicheka hadi simu ikakatika. Aliponipigia tena, akanifundisha maana yake."



"Sasa mbona hukumwambia mkuu?" Salu akauliza.

"Ningemwambia, leo jioni ungekuwa unachunga ng'ombe wangu." Mzee alimhamishia jogoo kwapa la pili. "Nao wamenikosea nini?"

Akaondoka kuelekea mjini bila kugeuka.

Salu akaenda stoo kuchukua sururu. Kufikia katikati ya wiki, viganja vyake vilikuwa na rangi ambayo Josia, baada ya kuvichunguza kwa muda mrefu huku kamusi iko wazi mapajani, alithibitisha kuwa ndiyo yenyewe.