Somo la Habari Mbaya

Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kuzungukia wodi, madaktari wa hospitali yetu ya kufundishia hapa Dar es Salaam hukusanyika ukumbini kusikiliza mhadhara. Alhamisi ile Profesa Nasma alitufundisha namna ya kuwaambia ndugu kwamba mgonjwa wao amefariki. Alitaka tulitamke neno lenyewe. Ukisema hali si nzuri, unawaachia watu tumaini ambalo wewe mwenyewe huna, na huo, alisema, ni ukatili.

Mimi nina mdomo. Nikanyoosha mkono, nikasema kijijini kwetu Chumbi hajawahi kufa mtu. Watu huzidiwa tu, kisha ukifika unakuta turubai limeshafungwa uwanjani. Ukumbi mzima ukacheka, hata Profesa.

Mhadhara haujaisha, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa kaka yangu, Shaabani. Nikatoka nje kuipokea. Akaniambia mdogo wetu Mtoro, yule mwenye pumu, alibanwa kifua usiku wakampeleka kituo cha afya Ikwiriri, na sasa kazidiwa kidogo. Nikamuuliza kama yu hai.

"Wewe njoo tu, mdogo wangu," akasema.

Nilikasirika mno. Nikampigia shemeji, nikampigia shangazi, mpaka Iddy mwenye duka jirani. Wote walinitaka nije, na wote waliniuliza kama nimekula. Nilijua. Ila ndani ya basi la kwenda kwetu, mtu aliyeuguliwa tu hawezi kuangua kilio cha msiba, basi nikakaa kimya na jirani yangu wa kiti akanieleza maumivu yake ya mgongo mpaka Kibiti. Sijawahi kuwa mpweke kama siku ile. Tulipokaribia Ikwiriri nikapiga tena, niulize kama nishuke kwa mgonjwa. Shaabani akasema hapana, nipitilize nyumbani. Tukavuka daraja la Ndundu nikiwa nimeishika simu mkononi kama mjinga, nikingoja mtu mmoja tu aniambie.

Shaabani alinipokea barabarani. Hapo ndipo aliponiambia, maana kulikuwa na kazi. Mwili uko nyumbani kwake yeye Shaabani, kaburi linachimbwa, watatoka kuzika baada ya alasiri. Lakini Mama hajaambiwa. Ana presha, na wanaume wote wa ukoo wamemwogopa.

"Wewe ndiye daktari," akasema. "Umesomea."

Nilimkuta Mama ukumbini kwake, ameketi mkekani peke yake, anachagua mchele. Nikaketi karibu, nikamshika mkono kama tulivyofundishwa.

"Mama, Mtoro amefariki."

Hakupiga kelele. Aliuweka ungo pembeni taratibu.

"Najua, baba. Asubuhi jirani yetu Hadija kaja kunifagilia uwanja, hakuniambia kwa nini. Halafu nikaona wanawake wanapita na masufuria kwenda kwa Shaabani, wakifika hapa kwangu wananyamaza. Nani asiyejua mambo hayo?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema, akakaa na jambo zito hivyo kutwa nzima bila mtu wa kumshika.

"Walikuwa wanahangaika nisijue. Kila anayekuja ananiambia mwanao anaendelea vizuri, naye macho mekundu. Nikaona nikilia nitawavunja moyo."

Hapo nikalia mimi. Nililia kichwa changu kikiwa mapajani mwake, mtu mzima na kitambulisho cha hospitali shingoni, naye akanipigapiga mgongoni mpaka nikatulia. Kisha akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaniambia niende nikawaite akina Shaabani.

"Ila usiwaambie kama nilijua," akasema. "Waambie umeniambia wewe, nami nimepokea."

Nikatoka. Shaabani alikuwa amesimama nje na wenzake, wananitazama usoni. Nikawaambia Mama ameshaambiwa, na amepokea. Shaabani akashusha pumzi, akanishika bega, akasema ndiyo maana walikuwa wananingoja mimi.